Gobore la Babu na Bomba la Bibi

Ilianza Jumapili, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi. Nina uhakika na muda huo kwa sababu nilikuwa nimesimama ubavuni mwa Babu, upande wa mkono wake wenye saa, na saa yenyewe ilikuwa inaning'inia sawasawa na macho yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Ibada ilikuwa imetoka, na nje ya kanisa letu kule Masama hewa ilinukia ndizi mbivu, maziwa mabichi na manyoya ya kuku waliofungwa miguu.

Harufu hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue daftari leo. Mpishi wa shule kapitisha mikungu mitatu ya ndizi karibu na dirisha la darasa letu, na ghafla mimi sikuwa tena Moshi mjini, kidato cha tatu. Nilikuwa kule mlimani, kwenye mnada wa sadaka.

Kwa ninyi msiokulia kwetu, mnada wa sadaka ni hivi. Asiye na fedha anatoa alichonacho, mkungu, jogoo, mayai, hata mzigo wa majani ya ng'ombe, na baada ya ibada vitu hivyo vinanadiwa nje. Watu wanapandishiana bei huku wanacheka. Mimi niliupenda mnada kwa sababu hakuna aliyenitazama. Nilikuwa mtoto wa aibu kupita kiasi, na bado niko hivyo. Mwalimu akiniuliza swali nalijua jibu, lakini mpaka likafike mdomoni mwenzangu ameshajibu na kupigiwa makofi.

Jumapili ile, kabla jogoo wa mwisho hajapata mnunuzi, mtendaji wa kijiji aliomba dakika mbili.

"Wazee wangu, hili nimelitangaza mara tatu, leo ni ya mwisho. Kila mwenye silaha isiyo na kibali, na hasa haya magobore ya kurithi, aipeleke kituoni kwa hiari yake. Mwisho ni kesho jioni. Ukiipeleka mwenyewe, huulizwi kitu. Ukifuatwa nyumbani, usije kunililia mimi."

Halafu mzee mmoja wa rika la Babu, mtu wa maneno mengi, akapaza sauti kutoka kwenye mikungu:

"Mtendaji, gobore letu si lile pale limevaa koti? Lichukue! Ila uwe na subira nalo, ukilishindilia asubuhi linalia jioni!"

Watu walicheka mpaka jogoo akashtuka. Wote walikuwa wanamtazama Babu. Babu hakucheka wala hakukasirika. Aliangalia saa yake.

Nilichanganyikiwa. Redioni nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba watu fulani wamekamatwa na bunduki aina ya gobore, kwa hiyo nilijua ni kitu cha wabaya. Lakini binamu zangu waliokuja likizo kutoka Dar waliita gobore simu yoyote inayochelewa kuwaka. Na sasa wazee wanamwita Babu gobore, tena mbele ya kanisa, na mchungaji mwenyewe anaficha kicheko kwenye leso.

Njiani kurudi nyumbani nilijikaza nikamuuliza, "Babu, gobore ni nini?"

Babu alikuwa mtu wa kujibu kwa kuchelewa. Tulivuka mfongo wa kwanza, ule mfereji unaoleta maji kutoka msituni, tukapita mashamba mawili ya kahawa, tukakaribia mfongo wa pili. Nilishasahau kwamba nimeuliza.

"Ni bunduki ya zamani," akasema. "Unatia baruti kwa mdomo wa mtutu, unashindilia kwa fimbo, unatia goroli, unashindilia tena. Ukimaliza yote hayo, nyani ameshakula mahindi ameondoka." Akatembea hatua kadhaa. "Ni kitu kinachokupa muda wa kubadili mawazo."

Sikuelewa. Nilidhani ametania.

Niwaambie kwanza tulioishi pale nyumbani. Wazazi wangu walikuwa Holili, Baba akifanya kazi za forodha mpakani, kwa hiyo mimi nililelewa na Babu na Bibi. Ndani ya kihamba hichohicho, yaani lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, aliishi pia Baba mdogo Elibariki na mke wake. Yeye ndiye mtoto wa mwisho wa kiume, na kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na kihamba cha wazazi. Mama mdogo alikuwa na mimba ya miezi saba. Baba mdogo alifanya biashara ya chuma chakavu: anazunguka na pikipiki vijijini, ananunua mabati na masufuria mabovu, anayashusha Moshi.

Mchana ule Babu alipanda ngazi mpaka darini. Alishuka na gunia refu lililofungwa kwa kamba ya katani, likanuka panya na vumbi la miaka. Akaliweka katikati ya uwanja na kutuita wote. Bibi peke yake hakuja. Alisema ana ndizi za kumenya.

"Hili lilikuwa la baba yangu," Babu akasema. "Kesho nalipeleka kituoni. Nataka mlione, msije kusimuliwa na watu."

Akafungua. Kikatoka kitako cha mbao, cheusi kwa kushikwa. Kikatoka kifyatulio chenye kutu. Ikatoka fimbo ya kushindilia. Ikatoka pembe ya kuwekea baruti, ndani tupu. Babu aliingiza mkono mpaka begani, akapapasa. Akaligeuza gunia na kulikung'uta. Kikaanguka kiota cha panya.

Alisimama kwa muda mrefu sana. Kuku walikuja, wakadonoa kile kiota, wakaondoka.

"Elibariki," akasema. "Mtutu uko wapi?"

"Mtutu gani, Baba?"

"Mtutu wa chuma, mrefu kama mkono, mwishoni una kinundu cha shaba cha kulengea. Uko wapi?"

"Baba, haki ya Mungu, mimi hata sikujua kama humu ndani kuna gobore."

"Na mashine yangu ya kumenyea kahawa, ile nayo hukujua kama iko humu ndani?"

Baba mdogo akainamisha kichwa. Ile mashine kweli aliiuza bila kuuliza, mwaka uliotangulia, akadhani ni chuma kilichotupwa.

"Ile nilikosa, Baba. Nilikiri. Lakini hii sijaigusa."

"Kesho saa mbili asubuhi mtutu uwe hapa uwanjani. Nikipeleka gobore nusu, polisi wataniuliza nusu ya pili nimempa jambazi gani, na mimi sina jibu. Mtutu usipokuwepo, wewe na mkeo mtafute pa kukaa. Sikai na mtu anayeniuza kipande kipande."

Mama mdogo akasema, "Baba, kwa hali hii niliyonayo?" Babu alikuwa ameshageuka. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

Nilikimbilia jikoni. Jiko la Bibi lilikuwa kibanda peke yake nyuma ya nyumba, jeusi kwa moshi, na kazi yangu mle ilikuwa kupuliza moto. Tulikuwa na bomba la chuma la kupulizia. Unaweka mdomo huku, ncha nyingine unaielekeza kwenye makaa, unapuliza taratibu mpaka moto unashika. Nililijua bomba lile kuliko kalamu yangu. Nilijua ladha yake, chuma na majivu. Nilijua pa kuweka kidole gumba ili lisiteleze, karibu na ncha ya mdomoni, palipokuwa na kijiuvimbe kidogo cha mviringo.

Nikaweka kidole pale. Nikakisikia kinundu. Nikakifuta masizi kwa pindo la gauni, kikang'aa manjano.

Moto ulikuwa unakufa mbele yangu. Bibi alikuwa anamenya ndizi za machalari, chakula chetu cha ndizi na nyama, maganda yanaangukia kwenye beseni, wala hakuinua macho.

"Puliza, mama."

"Bibi, hiki kinundu..."

"Puliza kwanza. Babu yako akikasirika na njaa juu yake, hatutalala."

Nikapuliza. Nilikuwa napuliza huku nawaza kwamba naweza kufyatua kitu. Moto uliposhika, Bibi aliweka kisu chini.

"Kabla baba yako hajaoa," akaanza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza namna ya kuivisha ndizi, "kulikuwa na ugomvi wa maji. Zamu yetu ya mfongo ilifika, jirani akayageuzia maji kwake usiku. Kahawa yetu ikakauka. Babu yako akalijaza lile dude, akakaa nalo mlangoni, anasubiri kupambazuke. Unajua yule jirani alikuwa nani?"

Nikatikisa kichwa.

"Kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Akasukuma kuni motoni.

"Kulipopambazuka hakwenda. Alilitoa baruti, akalirudisha darini, akaenda kukamua ng'ombe. Hatukuzungumza. Lakini mimi sikutaka kungoja mara ya pili. Nilichomoa mtutu, nikaufunga ndani ya kuni, nikampelekea fundi sokoni akaukata nyuma ukawa wazi pande zote. Kisha nikauleta humu. Mwanamume wa umri wa babu yako haingii jikoni."

"Miaka yote hiyo?"

"Umekunywa uji wake wewe tangu unaanza kutembea."

Nikamuuliza kile ambacho mtoto yeyote angeuliza. "Sasa kwa nini humwambii? Baba mdogo anafukuzwa!"

Bibi alinitazama kwa ukali, halafu ukali ukaisha. "Hakuna anayefukuzwa hapa. Lakini jambo la namna hii huendi nalo kwa mdomo mtupu, mbele ya watu, mzee ameshapanda hasira. Kesho asubuhi nitakata isale."

Isale mnalijua wengi wenu, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani mwa kihamba. Ukimkosea mtu kosa zito, unakata jani lake, unalifunga fundo, unampelekea au unatuma mtu. Aliyepelekewa isale hakatai kusikiliza, hata awe na hasira ya namna gani. Kukataa isale kwetu ni aibu ambayo watoto wako wataisikia wakishakuwa wazee.

Usiku ule kichwa changu kilikuwa kama debe lenye mawe. Babu ni mzuri, ananibebea miwa. Babu alitaka kumpiga risasi kaka yake Bibi. Bibi ni mkweli, ni mama wa umoja wa wanawake kanisani. Bibi ameiba na ananyamaza huku mwanawe anaitwa mwizi. Na mimi nimekuwa nikiupulizia uji wangu kwa bunduki. Sikujua nimchukie nani. Nilijaribu mmoja mmoja, nikashindwa kwa wote.

Asubuhi, Jumatatu, umande ukiwa bado kwenye majani ya migomba, Bibi alirudi kutoka mpakani na jani moja la isale, zuri, halina hata tundu. Akalifunga fundo. Akaniwekea mikononi.

"Mpelekee Babu. Yuko zizini. Mwambie limetoka kwangu, na kwamba ninakuja."

"Mimi, Bibi?"

"Wewe hujamkosea mtu. Nenda."

Nilikwenda. Kutoka jikoni njia inagawanyika kwenye mparachichi: kushoto zizi, kulia nyumba ya Baba mdogo. Nilisimama hapo. Kushoto nilimwona Babu ameinama, amenipa mgongo, koti limechanika begani. Nilifanya mazoezi ya maneno. Babu, hili limetoka kwa Bibi. Maneno matano tu. Nilijua akigeuka ataniuliza limeletwa kwa kosa gani, na mimi nitatakiwa kutamka neno mtutu mbele yake.

Kulia nikasikia pikipiki inasogezwa. Baba mdogo alikuwa anafunga godoro kwenye kiti cha nyuma, anapitisha kamba, anakaza kwa goti. Saa mbili haikuwa imefika lakini hakuwa na mtutu wa kuleta, kwa hiyo alisubiri nini? Mama mdogo alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika sufuria mbili na taa. Alikuwa analia bila sauti, kama mtu aliyesinzia.

Kiukweli sikuamua. Ninaandika hapa ukweli kwa sababu hakuna mwingine niliyewahi kumwambia hivyo. Sikupanga wala sikuwa na akili kubwa. Miguu ilikwenda kulia kwa sababu kulia palikuwa rahisi.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, Aikande. Njoo uniage."

Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa.

Aliacha kamba. Godoro likaegemea upande. "Hili limetoka kwa nani?"

Niliangalia kamba ya godoro.

"Aikande. Limetoka kwa mzee?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Alikaa chini pale pale kwenye matope, akiwa na suruali yake nzuri ya safari. "Mama," akamwambia mkewe, "umeona? Baba ameniletea isale. Mimi. Baba yangu mimi."

Mama mdogo akashusha sufuria. "Yule mzee? Basi kweli gobore limelia," akasema, akaanza kucheka na kulia pamoja, na kutaka kunyanyuka akashindwa.

Baba mdogo alikwenda zizini akiwa ameshika jani kifuani. Mimi nikamfuata nyuma, kwa sababu kubaki kulikuwa kubaya zaidi. Alipiga magoti penye samadi.

"Baba, nimelipokea. Mimi ndiye niliyepaswa kukuletea, kwa ajili ya ile mashine. Umenitangulia. Nisamehe na mimi."

Babu aligeuka na ndoo ya maziwa mkononi. Akalitazama jani. Akalitazama fundo lake, kwa muda. Akanitazama mimi. Kisha akatazama juu ya kichwa changu, kule jikoni, ambako Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake, hajui kwa nini mwanawe amepiga magoti na isale lake mkononi.

Ng'ombe alitafuna. Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu na kusubiri neno moja tu la Babu, "Sijatuma", ambalo lingetumaliza wote.

"Haya," Babu akasema. "Nyanyuka, nguo zinachafuka."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba pale nilimdanganya mzee na nikabahatika. Nilikuwa naogopa kila akiniita. Leo, nikiwa na miaka kumi na sita, naona kwamba haikuwa bahati. Babu alijua hajatuma kitu. Fundo lile alilijua pia. Nani mwingine angefunga hivyo, mtu aliyeishi naye miaka yote ile? Alikuwa na neno tayari mdomoni na muda wa kulitumia, na alichofanya ni kukubali ameomba msamaha ambao hakuuomba, kwa sababu alikuwa ameshaona alipaswa kuuomba. Nimeelewa pia kwa nini hakulifungua lile gunia tangu ule ugomvi wa maji. Kilichokuwa darini kilimtisha yeye kuliko kilivyomtisha jirani.

Lakini sijaelewa yote. Bado sijui kama Bibi alikosea au aliokoa, na kama ni vyote viwili, isale lilipaswa kwenda wapi. Wenzangu darasani siku hizi na mimi wananiita gobore kwa kuchelewa kwangu kujibu, wanadhani wananiumiza. Na mchana ule kituoni, Babu alituambia baadaye, askari aliushika mtutu, akanusa, akauliza ulitumika mara ya mwisho lini. Babu akamjibu, "Leo asubuhi. Tumepikia chai." Wakamwandika jina, wakamruhusu arudi nyumbani.

Ila nimeruka. Bado ilikuwa asubuhi, na Baba mdogo alikuwa ananyanyuka kutoka kwenye samadi.

Nilikimbia mpaka jikoni. Bibi alinishika mabega. "Umefanya nini, mtoto wewe?"

Na mimi nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi. "Nilimwogopa Babu. Nimempa Baba mdogo, akaniuliza kama limetoka kwa Babu, nikakubali. Nimedanganya, Bibi." Nilisema yote bila kupumua, kwa nguvu, nadhani hata zizini walisikia.

Bibi aliziba mdomo kwa pindo la kanga. Mabega yake yakawa yanatikisika na sikujua analia au anacheka. Alipoondoa kanga uso ulikuwa mkavu. Alichukua bomba kutoka jikoni, likiwa bado na joto, akalifuta. Akashuka mpakani akakata isale la pili. Safari hii hakunipa. Akaelekea zizini mwenyewe, jani mkono wa kulia, chuma mkono wa kushoto, hatua zake ndogondogo, na Baba mdogo alipomwona anakuja akapisha njia bila kuuliza.

Mimi sikuwafuata. Nilirudi kwenye pikipiki, ambako Mama mdogo alikuwa anahangaika na fundo la kamba na tumbo linamzuia kuinama. Nikamwambia akae. Kamba ilikuwa imekazwa kwa goti la mtu mzima, vidole vyangu havikuweza, kwa hiyo nikaifungua kwa meno, na godoro likaanguka, nikaanza kuliburuta kurudi ndani.